Ziwa likizaliwa Mbeere: Mbona samaki hujaa kisha hupungua?

Ukishuka kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri, unaona hali ya hewa ikibadilika njiani. Majani chai na kahawa yanabaki nyuma kule juu, muguka na mtama vinaanza, jua nalo linachoma. Kisha mbele yako, katikati ya vichaka vikavu vya Mbeere, yanatokea maji. Maji mengi, yenye mitumbwi, ndege weupe na viboko wanaopiga chafya.

Vijana wengi waliozaliwa huku wanadhani maji haya yamekuwepo tangu enzi za mababu. La hasha. Kabla ya mwaka 1968, sehemu hii ya Mto Tana haikuwa na ziwa hata moja. Kulikuwa na mto tu, unaopita mbio kati ya mawe.

Ndipo likaja bwawa la Kindaruma mwaka 1968, la kwanza katika mradi wa umeme wa Seven Forks. Kamburu likafuata mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa matano kwa miaka ishirini. Kubwa zaidi ni Masinga, ambalo likijaa linaenea kilomita 120 mraba hivi na kubeba maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5.

Tumezoea kuyaongelea mabwawa haya kwa lugha ya stima: megawati ngapi, mvua imenyesha au haijanyesha, bili itapanda au itashuka. Lakini kuna hadithi nyingine inayoendelea chini ya maji, na inakuhusu sana ikiwa unawaza kununua nyavu, kuweka vizimba vya samaki au hata kuchimba kidimbwi shambani kwenu. Ni hadithi ya jinsi uhai unavyoingia katika ziwa jipya, unavyolipuka, halafu unavyotulia. Asiyeijua anaweza kuchukua mkopo mwaka ambao samaki wamejaa, akaulipa miaka ambayo hawapo.

Urithi wa shamba lililozama

Hebu fikiria siku lango la bwawa linapofungwa. Maji yanapanda polepole, yanameza nyasi, vichaka, mashamba ya zamani, mavi ya ng'ombe na mbuzi, majani yaliyooza chini ya miti. Kila kitu kilichokuwa kikirutubisha udongo sasa kimo ndani ya maji.

Wa kwanza kufika mezani ni bakteria. Hao hawahitaji mwaliko. Wanaanza kuozesha majani na mizizi, na wakifanya hivyo wanaachilia naitrojeni na fosforasi, vile vile virutubishi ambavyo mkulima hununua kwa gunia pale agroveti. Ziwa changa ni kama shamba lililotiwa mbolea ya miaka mia moja kwa siku moja.

Ila kuna gharama. Bakteria wakila, wanatumia oksijeni. Kule chini kabisa, ambako mwanga haufiki na upepo hauchanganyi maji, oksijeni inaweza kuisha kabisa. Maji yanaanza kunuka kama yai viza, na samaki akiteremka huko hapati pumzi. Ndiyo maana katika miezi ya kwanza ya bwawa jipya, juu kunaweza kuwa na shamrashamra huku chini kukiwa kaburi.

Huko juu, kwenye mwanga, mwani unafanya sherehe. Mwani ni mimea midogo mno, mingi haionekani kwa jicho tupu. Lakini ikiongezeka, maji yote yanageuka kijani. Baada ya mwani wanakuja wadudu wadogo wa majini wanaoula, wengine wadogo kuliko ncha ya sindano. Mayai yao huvumilia ukavu, huja na mto, huja kwenye matope yaliyoshika miguu ya bata na korongo. Wadudu warukao nao wanataga mayai juu ya maji, na mabuu yao wanajichimbia kwenye matope ya chini.

Sasa meza imejaa. Anabaki mlaji mkubwa.

Samaki wa mto wanakutana na maji yasiyokwenda

Si kila samaki wa mtoni anaweza maisha ya ziwani. Jamaa za ningu, kwa mfano, wanapenda kupanda mto wakati wa mvua ili kutaga. Ukuta wa bwawa ukiwekwa njiani, safari imekatika. Mkunga wa maji baridi ana shida kubwa zaidi: anazaliwa baharini, kisha akiwa mdogo anapanda mto kutoka Bahari Hindi. Kuta tano za zege, moja baada ya nyingine, si ngazi anayoweza kuipanda kwa urahisi.

Lakini kuna wengine ambao kwao bwawa jipya ni kama kupewa nyumba ya bure. Tilapia, au ngege ukipenda, ndiye mshindi wa kwanza. Dume anachimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike anataga, halafu anayabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Hahitaji maji yanayokwenda kasi. Anahitaji ufuo mtulivu, joto na chakula, na ziwa changa lina vyote vitatu. Vichaka vilivyozama vinakuwa maficho ya vifaranga wake.

Kambare naye yumo. Huyu anaweza kupumua hewa ya juu, kwa hiyo maji yenye oksijeni kidogo hayamtishi sana. Kisha kuna kapi, yule samaki mwenye magamba makubwa na vindevu mdomoni, ambaye si mwenyeji wa Afrika bali aliletwa. Anafukua matope kutafuta chakula na anabandika mayai yake kwenye mimea iliyo ndani ya maji. Katika mabwawa ya Tana, tilapia, kapi na kambare ndio majina utakayoyasikia sana kwa wavuvi.

Samaki wakijaa, wenye njaa wanafuata. Mnandi na korongo wanatua. Tai mlasamaki anajenga kiota kwenye mti mrefu. Mamba na viboko, ambao tayari walikuwa mtoni, wanapata nafasi zaidi ya kuenea. Leo Hifadhi ya Taifa ya Mwea, iliyo kando ya bwawa la Kamburu, inajulikana kwa viboko, mamba na ndege wa majini.

Na binadamu? Yeye anafika na mtumbwi.

Miaka ya neema, halafu?

Hapa ndipo penye funzo. Wanasayansi wa maziwa wamelisoma jambo hili katika mabwawa mengi duniani, na mwendo ni ule ule: miaka michache ya kwanza mavuno yanapanda ajabu, halafu yanashuka. Yanatulia kwenye kiwango cha chini kuliko kilele kile.

Mfano mzuri hauko mbali. Vuka mpaka uende Tanzania, kusini mwa Moshi, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu katika Mto Pangani. Lilikamilika mwaka 1965. Ndani ya miaka michache watu walimiminika kutoka kila upande, vijiji vya wavuvi vikaota kando ya maji, na kufikia mwaka 1970 mavuno yalikuwa yamepita tani 25,000 kwa mwaka. Kwa bwawa la ukubwa ule, hiyo ni hesabu ya kushangaza. Lakini haikudumu. Miaka michache baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka hadi sehemu ndogo tu ya hiyo, na waliokuwa wamehamia na familia zao wakabaki wakitazamana.

Sababu ni mbili, na zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza ni kwamba ule urithi wa shamba lililozama unaliwa mara moja. Majani yakishaoza yameoza. Virutubishi vingine vinachukuliwa na maji yanayotoka kupitia mitambo, vingine vinazikwa chini ya matope. Ya pili ni sisi wenyewe. Watu wanaona samaki wengi, wanaongeza nyavu, na idadi ya nyavu inafikia kilele wakati ule ule ambapo chakula cha samaki kimeanza kupungua. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika bwawa jipya, buyu lenyewe nalo linapungua huku watu wakizidi kuchovya.

Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lina kisa chake. Lango lilifungwa mwishoni mwa mwaka 1958, na kwa sababu ya rutuba ile ya mwanzo, gugu linaloelea lilitambaa hadi kufunika karibu moja ya tano ya ziwa lote mwaka 1962. Watu walidhani ziwa limekwisha. Lakini virutubishi vilipopungua, gugu nalo likarudi nyuma. Baadaye ilionekana kwamba samaki wa mtoni hawakuwa wakitumia maji ya katikati ya ziwa, kwa hiyo mwaka 1967 na 1968 dagaa kutoka Ziwa Tanganyika walipelekwa huko. Walizaana, wakawa msingi wa uvuvi mkubwa mpaka leo. Maana yake ni kwamba ziwa jipya linaweza kupata maisha ya pili, ila ni tofauti na yale ya kwanza.

Masinga huzaliwa upya

Sasa turudi nyumbani. Ikiwa urithi huisha, mbona Masinga, lenye zaidi ya miaka arobaini, bado lina misimu ya samaki wengi?

Jibu liko kwenye kupanda na kushuka kwa maji. Masinga ni ghala la mabwawa mengine yaliyo chini yake. Kiangazi kikija, maji yanaachiliwa ili yale mengine yaendelee kuzungusha mitambo, na ufuo unarudi nyuma sana. Katika ukame wa mwaka 2009, maji yalishuka hadi mtambo wa Masinga ukalazimika kuzimwa.

Ufuo ukikauka, nyasi zinaota. Ng'ombe na mbuzi wanaingia, wanakula na kuacha samadi. Mtu analima mahindi na maharagwe kwenye udongo wenye unyevu. Halafu mvua kubwa inanyesha, kama ile ya mwaka 2018, 2020 na 2024 ambapo Masinga lilijaa likapita kiwango chake cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari na kumwagika. Nyasi, samadi na mabua yote yanazama. Kwa kipimo kidogo, ni siku ile ya kwanza imerudiwa: bakteria, mwani, wadudu, vifaranga.

Kwa hiyo kijana anayefuatilia bwawa anaweza kujifunza kusoma dalili. Bwawa likijaa baada ya ukame mrefu, tarajia vifaranga wengi kwenye nyasi zilizozama, na samaki wa kuuza baada ya miezi. Bwawa likishuka haraka, vifaranga wanapoteza maficho, na mavuno mazuri ya leo yanatokana tu na samaki kubanwa kwenye maji machache. Usiyachukulie kama ahadi.

Ukubwa nao una maana. Gitaru linabeba mita za ujazo milioni 20 tu hivi. Maji ya Tana yanaweza kulipitia kwa siku chache, kwa hiyo mwani haupati muda wa kuongezeka kabla haujasombwa. Masinga maji hukaa kwa miezi. Virutubishi vile vile, mto ule ule, lakini maisha tofauti kwa sababu ya muda ambao maji yanatulia.

Mshahara unatoka juu mlimani

Ziwa likishamaliza urithi, linaishi kwa mshahara: kile ambacho mito inaleta. Na mito yetu inaleta nini?

Rupingazi inapita kando ya mji wa Embu, inaungana na mingine na kuingia Thiba. Thiba inapita Mwea kwenye mpunga, kisha inamwaga maji yake Kamburu. Tana yenyewe inakusanya kutoka Nyeri, Murang'a na Kirinyaga kabla ya kufika Masinga. Kwa hiyo mbolea iliyozidi kwenye chai, samadi iliyosombwa na mvua, maji machafu ya mjini, povu la sabuni la wanaofua na kuosha pikipiki mtoni, na udongo mwekundu wa mashamba yasiyo na matuta, vyote vina anwani moja.

Udongo huo ni tatizo la pande mbili. Fosforasi hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo kila tope linaloingia limebeba mbolea. Wakati huo huo tope linazuia mwanga na linajaza bwawa. Udongo umeingia Masinga kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa wakati wa kulijenga. Ndiyo sababu mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, unaosaidia wakulima wa juu kuchimba matuta na kupanda nyasi kingoni, ili udongo ubaki shambani.

Mshahara mkubwa sana nao una balaa lake. Virutubishi vikizidi, mwani unakuwa mwingi kupita kiasi. Mchana unatoa oksijeni, lakini usiku unaivuta kama viumbe wengine. Alfajiri samaki wanapanda juu kutweta. Mwani mwingi ukifa kwa pamoja, au upepo ukichanganya maji ya chini yasiyo na oksijeni na ya juu, samaki wanakufa kwa wingi. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba katika Ziwa Victoria upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana kwa muda mfupi, na upungufu wa oksijeni ndio uliotajwa kuwa chanzo. Samaki wa porini anaweza kukimbia. Aliye ndani ya kizimba hana pa kwenda.

Mgeni ambaye hatumkaribishi

Kuna kiumbe mwingine anayependa ufuo mtulivu wenye mimea: konokono wa maji baridi. Mwenyewe hana ubaya, lakini ndani yake anaweza kubeba minyoo ya kichocho. Mtu mwenye kichocho akienda haja majini au karibu na maji, mayai yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono, yanazaana humo, kisha yanatoka na kutoboa ngozi ya yeyote aliyeingia majini. Mwea imesumbuliwa na kichocho kwa miaka mingi, na wavuvi wa mabwawa wako katika hatari ile ile.

Dalili zinaweza kuwa damu kwenye mkojo au kinyesi, maumivu ya tumbo na uchovu usioisha. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na inatibu vizuri. Lakini ukirudi majini bila tahadhari na kijiji kikakosa vyoo, utaambukizwa tena. Usisahau pia kwamba mamba na viboko wa Kamburu na Masinga si mapambo. Kuvua ukiwa umesimama majini magharibi ni kuweka maisha rehani kwa ajili ya samaki wawili.

Ijaribu nyumbani

Huhitaji bwawa la mamilioni kuona haya yote. Kidimbwi cha mita 300 mraba, kama vile vilivyochimbwa kwa wingi chini ya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi mwaka 2009, ni ziwa changa dogo. Ukikijaza maji na kutia samadi kidogo, ndani ya siku chache utaona rangi ya kijani, kisha wadudu wadogo wanaorukaruka. Hapo ndipo pa kuweka vifaranga. Sagana, kule Kirinyaga, kuna kituo cha serikali cha ufugaji samaki ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1948.

Kipimo ni mkono wako. Uzamishe ukiwa umekunja kiganja, ukitazama vidole. Vikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi: acha samadi, ongeza maji safi. Vikionekana hata maji yakipita kiwiko, chakula ni kidogo: ongeza samadi. Ukiona samaki wanatweta juu alfajiri, usiwalishe siku hiyo, tafuta maji mapya haraka.

Kwa wanaotaka kuingia kwenye bwawa lenyewe, anza na kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, na ofisi ya uvuvi ya kaunti upate leseni. Epuka nyavu zenye matundu madogo na zile za uzi mmoja wa plastiki, maana zimepigwa marufuku na zinamaliza vifaranga wa mwaka ujao. Kabla ya kukopa, waulize wavuvi wa zamani samaki walikuwaje mwaka bwawa lilipojaa, na walikuwaje miaka mitatu baadaye. Panga mkopo wako kwa hesabu ya ule mwaka wa tatu.

Swali hili litazidi kuwa kubwa. Bwawa la Thiba, jirani zetu wa Kirinyaga, lilianza kazi mwaka 2022 na bado ni changa. Mengine yanazungumzwa huko chini kwenye Tana. Kila likija, kutakuwa na miaka ya samaki tele, na kutakuwa na watu watakaosema utajiri umefika. Umefika kweli, lakini sehemu kubwa ya utajiri huo wa mwanzo ni shamba la watu lililozama. Kitakachobaki baadaye kinategemea nyavu tunazotupa na udongo tunaouachia mto.